Pumzi ya Mgongoni

Msimu ule Fundi Mjusi alikuwa hatulii. Ukimpa kiti, atakikalia kwa ncha tu, karibu na mlango, na mlango wenyewe sharti uwe wazi. Ukimpa chai, atazunguka nayo uani, kikombe mkononi, utadhani ametumwa mahali akasahau alikotumwa. Vifungo vya juu vya shati alikwisha kuviacha. Shuka alilipiga teke mpaka miguuni. Lifti alizipa talaka. Hata mteja akiwa ghorofa ya juu kabisa, yeye alipanda kwa miguu, akafika anahema, akasema anafanya mazoezi.

"Umekuwa kuku anayetaka kutaga," mkewe alimwambia. "Taga basi, mume wangu, nyumba ipumzike."

Hakutaga. Alisema goti linamsumbua.

Goti! Lilikuwa zima kama la ndama. Lakini mkewe alilichua kwa dawa kila jioni, naye Mjusi akakunja uso pale alipobonyezwa, na akiwa kazini alichechemea, siku nyingine kwa mguu usiohusika. Kilichomsumbua kilikuwa pumzi. Kila akijikunja, hata kuinamia kiatu tu, pumzi ilisimama kooni ikakataa kwenda mbele wala kurudi nyuma. Mtu mwingine angelisema tatizo hilo bila haya, akaenda kutafuta dawa. Yeye aliona aibu, kwa sababu kazi yake yote ilikuwa kujikunja.

Maana Mjusi ni fundi umeme, na si wa kubadilisha balbu. Ni fundi wa darini. Jina lenyewe walimpa wateja, walipomwona anavyopenya kwenye vitundu vya dari ambavyo paka angevifikiria mara mbili. Waliocheza naye utotoni wanasema hakuanza leo. Mchezo wa kujificha ukianza, wenzake walikimbilia nyuma ya nyumba. Yeye aliingia kabatini au ndani ya pipa, akapitiwa na usingizi humohumo mpaka mama yake akaanza kulia. Penye ufinyu ndipo palipokuwa pake. Alipokua, akajifunza umeme, na watu wakaanza kumlipa kwa jambo ambalo zamani alichapiwa.

Mdogo wake, wanayemwita Ngazi, ni kinyume chake. Kifua cha Ngazi ni mlango pamoja na fremu yake. Hakuna dari inayompokea. Kwa hiyo tangu hawajaoa waligawana kazi: Mjusi juu, Ngazi chini. Mjusi hutambaa na waya mpaka kwenye bomba linaloshuka ndani ya ukuta, anaiteremsha ncha, na Ngazi anaipokea kule chini. Mjusi akisema "Vuta!", Ngazi anavuta. Akisema "Legeza!", analegeza. Kwa maneno hayo mawili walijenga nyumba na kusomesha watoto.

Na ni neno mojawapo katika hayo lililoharibu mambo.

Siku ya mkasa walikuwa kwenye zahanati moja, jengo la zamani lenye paa lililoinama. Joto la bati lilikuwa limempiga Mjusi mgongoni tangu asubuhi. Ncha ya waya alikwisha kuiteremsha, Ngazi ameishika. Waya uliobaki alikuwa ameuvaa, umezunguka begani na kwapani, tabia mbaya ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiwagombeza nayo mafundi wengine. Ili ageuke, alijikunja chini ya boriti, magoti kifuani, kidevu magotini. Hapo akaishiwa nguvu. Akapaza sauti: "Subiri, navuta pumzi!"

Sasa, maneno yakipita kwenye dari hufika chini yamechujwa. Lililomfikia Ngazi ni moja tu: vuta. Na Ngazi ni mtu mtiifu, mwenye mikono ya kuchimba mitaro. Alivuta.

Mzunguko wa waya ukafunga. Ukambana Mjusi kifua, ukamsukumia magoti ndani, ukamgotesha mgongo kwenye boriti. Alifungua kinywa aseme "Legeza," lakini neno linahitaji hewa na hewa hakuwa nayo. Kule chini Ngazi akakitafsiri kimya chake kuwa waya umekwama mahali. Akaweka mguu ukutani akavuta kwa nguvu zake zote. Ikaendelea hivyo mpaka Mjusi akaanza kuona giza lenye nyota, ndipo waya ulipoteleza begani, ukachuna ngozi, ukaenda zake.

Aliposhuka, Ngazi alimuuliza, "Vipi, kaka?"

"Goti limeteguka," alisema.

Kwa nini hakusema kweli? Kwa sababu alimjua mdogo wake. Ngazi aliwahi kukanyaga kifaranga cha jirani kwa bahati mbaya, akalia mbele za watu, mwanamume mzima na kifua chake kile. Mjusi alisema moyoni: nikimwambia, hatashika waya tena maishani. Akaufunga mdomo. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunajua sote, lakini kila mtu hudhani methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya jirani yake.

Basi kazi za darini zikawa zinakwepwa. Duka moja waliitwa, Mjusi akaingiza kichwa kwenye tundu la dari, kifua kikagoma palepale. Akashuka akilaani goti. Wakabaki na soketi, feni na kengele za mlangoni. Mpaka siku moja, wakikusanya vifaa, Ngazi akasema bila kumtazama:

"Kaka, kile kiwanda cha unga kinataka fundi wa kudumu."

"Waache wamtafute. Sisi tuna kazi yetu."

"Kazi gani? Kengele za mlangoni?" Ngazi alikuwa anaviringisha kamba ambayo ilikwisha kuviringishwa. "Shule ya chekechea imepiga simu. Panya wamekula nyaya, madarasa hayana taa. Ni kazi ya darini tupu. Goti lako likikubali, tutaifanya. Likikataa, mwisho wa mwezi mimi nakwenda kiwandani. Si kwa ubaya, kaka."

"Goti litakubali," Mjusi alisema, na palepale akajua maji yamemfika shingoni. Kumpoteza Ngazi ilikuwa ni kupoteza nusu ya mwili wake, ile nusu inayosimama chini.

Binti yake mkubwa alikuwa mwalimu wa yoga. Mjusi alikuwa akiwaambia majirani kwamba anafundisha mazoezi ya viungo, maana kila alipotaja yoga alilazimika kueleza, na alichokieleza hakikumridhisha hata yeye. Binti alipanga ukumbi juu ya duka la rangi, wenye harufu ya rangi sakafuni mpaka darini, na feni moja inayolia. Mkewe Mjusi ndiye aliyemsukuma. "Nenda kamtengenezee mtoto feni yake," alisema. "Na ukifika huko, kaa umwangalie anavyofundisha. Hujawahi kumwangalia hata siku moja." Alikuwa na shabaha yake, yule mama, ila hakuionyesha.

Mjusi alifika darasa likiendelea. Akapanda juu ya stuli, bisibisi mdomoni, na alipoangalia chini akakuta watu wazima wamepiga magoti safu kwa safu, matumbo juu ya mapaja, vipaji vya nyuso sakafuni, kama watu waliodondosha sindano.

"Hili ni pozi la mtoto," binti yake alikuwa anasema kwa sauti ya chini. "Tulia hapo. Pumua."

Mjusi alitoa bisibisi mdomoni. "Yaani hawa wanalipa ili wajikunje? Mimi hulipwa."

Watu wakacheka wakiwa wameinama. Mkunga mmoja mstaafu, mama mnene mwenye soksi nyekundu, akasema bila kuinua kichwa, "Basi shuka utuonyeshe, fundi. Usitupigie kelele kutoka juu."

Angenyamaza, yangeisha. Lakini Mjusi alipochokozwa hakujua kurudi nyuma. Akashuka, akavua viatu, akapiga magoti kwenye mkeka ulio wazi, akajikunja vizuri kuliko wote, kipaji sakafuni, mikono nyuma. Halafu akavuta pumzi.

Haikuja. Tumbo lilikuwa limebanwa na mapaja, halina pa kwenda. Akavuta kwa nguvu zaidi, kama anavyovuta waya uliokwama, na kadiri alivyovuta ndivyo kifua kilivyokaza, masikio yakavuma, na ile boriti ya zahanati ikarudi mgongoni pake kana kwamba haikuwahi kuondoka. Aliruka. Alikanyaga skrubu zake mwenyewe, akaangusha stuli, akajikuta kichwa chake kiko nje ya dirisha, anameza hewa ya mtaani pamoja na moshi wake. Alipogeuka, darasa zima lilikuwa limeinua vichwa.

"Feni imepona," alisema, akakusanya vifaa vyake. Feni ilikuwa haizunguki.

Binti alimfuata mpaka kwenye ngazi.

"Baba, hilo si goti."

"Ni goti, mama."

"Goti halimtoi mtu macho." Akamshika mkono wa shati, kama alivyokuwa akimshika alipokuwa mdogo anataka kubebwa. "Njoo kesho asubuhi, kabla ya darasa. Tutakuwa mimi na wewe tu. Usipokuja namwambia mama."

Huo ulikuwa mtego halali. Akaenda.

Asubuhi ile ukumbi ulikuwa mtupu, na Mjusi aliuzunguka wote akikagua swichi kabla hajakubali kupiga magoti. Alipokubali, binti alikaa kando yake.

"Jana ulivuta pumzi kama unavuta waya," alisema.

"Kwani pumzi inafanywaje? Si inavutwa?"

"Ndivyo tunavyosema. Lakini usilisadiki sana hilo neno." Akamwagiza atanue magoti, akamwekea blanketi lililokunjwa chini ya kifua, akampangia ngumi zake mbili, moja juu ya nyingine, za kuegemeza kipaji. "Ukijikunja hivi, tumbo limekaa juu ya mapaja. Halina pa kutanukia. Wewe unalilazimisha, linakataa, unaogopa, unavuta zaidi. Hiyo si pumzi, ni ugomvi. Anza kwa kutoa. Toa yote taratibu, kama unapuliza uji wa mtoto. Halafu usifanye kitu."

"Nisifanye kitu?"

"Ngoja. Itakuja yenyewe. Ikija, ipokee huku." Akaweka viganja vyake viwili mgongoni pa baba yake, chini ya mabega.

"Mgongo umeanza kupumua lini?"

"Tangu ulipozaliwa, baba. Mapafu hayakuwekwa mbele tu, yamefika mpaka huku. Ila wewe hupeleki hewa huku nyuma, yote unaipeleka tumboni."

Alijaribu. Alitoa, akangoja kidogo sana, akavuta, akakwama, akainua kichwa. Alijaribu tena, akainua kichwa. Aliuliza kama bado. Aliambiwa hata hawajaanza. Alisema pua inawasha, akasema mkeka unanuka rangi, akakumbuka kwamba gari la mteja fulani halijafungwa waya wa honi, jambo ambalo wala halikuwa kazi yake. Binti hakuondoa mikono.

"Pumzi ikiwa ndogo, iache iwe ndogo," alisema. "Nafasi ndogo haihitaji pumzi kubwa."

Sijui ni lile neno au ni kuchoka tu. Mjusi alitoa pumzi, akawa hana nguvu za kuvuta nyingine haraka. Akabaki hivyo, mtupu. Kisha akasikia kitu ambacho hakukitegemea: mikono ya binti yake inainuka. Iliinuka kidogo, upana wa ukucha, ikashuka. Ikainuka tena. Ni yeye aliyekuwa anaiinua, kwa mgongo, bila kufanya lolote.

Na uso ukiwa chini, pasipo mtu wa kumtazama machoni, maneno yakamtoka. Alimweleza binti yake habari ya zahanati, boriti, waya, na neno lililokatika njiani. Alizungumza na mkeka zaidi kuliko na mtu.

"Baba mdogo anajua?" binti aliuliza.

"Hajui. Na wewe hujui."

"Sasa utapandaje darini na mtu asiyejua?"

"Nitapanda na pumzi," alisema, akainuka kwa hasira, kwa sababu swali lilikuwa zuri.

Tangu hapo akawa anaenda. Kuna siku iliwezekana na kuna siku aliishia dirishani. Binti alimfundisha kukaa na kujikunja juu ya miguu iliyonyooshwa, kifua juu ya mapaja, akimwambia asiwe na haraka ya kufika chini, ashuke kila pumzi inapotoka na asimame inapoingia. Alimfundisha kujisokota kiuno, ubavu mmoja ukifungwa hewa iende kwenye ule ulio wazi. Alimfundisha kuchuchumaa akiwa amekumbatia magoti. Mkunga mstaafu alimpenda, akamwita Mzee wa Dari, na akamwambia kwamba miaka yote aliyozalisha watu, wanawake wote aliokuwa akiwahimiza wapumue walimtukana kwanza, ndipo wakapumua. "Kwa hiyo tukana tu, mwanangu," alisema. "Kisha toa hewa."

Nyumbani alijifunzia mvunguni. Ukumbini palikuwa peupe mno; alitaka mahali panapobana kweli. Mkewe aliingia chumbani akakuta miguu ya mumewe imetokeza chini ya kitanda.

"Umepoteza nini huko?"

"Pumzi."

Mkewe alikwisha kujua kuwa si goti. Nani anayechua goti zima kila jioni asijue? Alingoja tu aambiwe. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema. "Haya, inama. Ila chupa ya dawa ya goti usinimalizie tena, mimi ndiye mwenye kiuno kinachouma."

Siku ya kazi ikafika. Mjusi aliamka roho juujuu. Alikagua vifaa, akavikagua tena, akarudi nyumbani kutoka nusu njia kuchukua tochi iliyokuwa mfukoni mwake. Shuleni walikuta watoto wametolewa nje wacheze, na kelele zao zikiingia kwa madirisha yote. Ngazi alisimamisha ngazi, akaishika kwa mikono miwili, akatazama ukuta.

"Goti?" aliuliza.

"Zima."

Alipanda. Kichwa kikaingia, mabega yakafuata, na kifua safari hii hakikugoma, kilinung'unika tu. Kule juu kulikuwa na vumbi, mavi ya panya na joto la bati. Alitambaa juu ya mbao akiusukuma waya mbele yake, mbali na mwili. Kwenye ukuta wa darasa la mwisho, paa lilikuwa limeshuka mno. Ili afikie mdomo wa bomba, ilimbidi ageuke, na ili ageuke ilimbidi ajikunje. Magoti kifuani. Kidevu magotini. Boriti mgongoni. Hapakuwa na mlango wa kuacha wazi.

Kikaja, kitu chenyewe. Masikio yakavuma, jasho likamwingia machoni, mkono ukapapasa ukitafuta pa kushika. Alisahau yote aliyofundishwa, akavuta pumzi kwa nguvu, ikagota kooni. Akavuta tena. Ndipo akatukana, tusi zito la mafundi, na lile tusi likaondoka na hewa yote aliyokuwa ameing'ang'ania. Vumbi likaruka mbele ya pua yake. Akabaki mtupu, na kungoja huko kulikuwa kubaya kuliko vyote, maana mwili ulimpigia kelele avute, naye akaunyima. Kisha ikaja. Ilikuwa nyembamba. Iliingia ubavuni, ikapita nyuma, mgongo ukaisukuma boriti kidogo. Akaitoa, akangoja, ikaja nyingine.

Hakuwa amestarehe, tusitie chumvi. Alikuwa anaogopa na anapumua, vyote kwa pamoja.

Akaingiza ncha ya waya bombani, akaisukuma mpaka Ngazi aliposema ameipata.

"Vuta!" Mjusi alisema.

Waya haukwenda.

"Vuta, Ngazi!"

Zilisikika kelele za watoto tu.

"Umelala huko?"

"Sijalala."

"Umekwama?"

"Haujakwama." Sauti ya Ngazi ilikuja wazi, karibu mno, alikuwa ameweka mdomo kwenye bomba. "Shuka kwanza, kaka."

"Nishuke nifanye nini? Nimejikunja huku kama chapati! Vuta, bwana wee."

Ngazi hakuvuta. Alisema, "Niliiona alama."

"Alama gani?"

"Siku ile, zahanati. Ulikwenda uani kunawa, ukavua shati. Niliiona alama ya waya, imezunguka kifua chote. Halafu ukaja ukaniambia goti." Sauti ilianza kukatika. "Muda wote huu unachechemea mbele yangu, na mimi najua nimekufanya nini. Hata mguu ulikuwa hukumbuki ni upi. Kiwandani hawakunitafuta, kaka. Nilikwenda mwenyewe kuomba. Nilisema moyoni, nikiajiriwa kule hutalazimika kupanda tena, na mimi sitashika tena waya wenye mtu upande wa pili."

Mjusi aliona uchungu ukimpanda. Alikuwa amejiona mlinzi wa mdogo wake, kumbe mdogo wake ndiye aliyekuwa amebeba mzigo wote peke yake, akimwangalia anavyoigiza kilema. Machozi yalimtoka, na ukilia umejikunja, koo linaziba upesi. Pumzi ikaanza kukimbia. Akaiacha itoke. Akangoja. Alikuwa na mengi ya kusema na nafasi ya kuyasemea kidogo, kwa hiyo akayatoa kwa vipande.

"Sikusema vuta," alisema. "Nilisema navuta pumzi." Akapumua. "Neno likakatika njiani. Ulilosikia ni vuta." Akapumua. "Ningekuwa chini mimi, na mimi ningevuta."

"Ulikuwa kimya nikavuta zaidi," Ngazi alisema. Alikuwa analia bila kujificha. "Niliweka mguu ukutani, kaka. Mguu ukutani!"

"Najua. Nilikuwepo."

Ngazi akacheka na kulia palepale, mlio mbaya sana ndani ya bomba.

"Sikiliza," Mjusi alisema. "Waya hauko mwilini mwangu. Uko pembeni, nauona. Nimekaa vizuri. Napumua." Akashangaa kuona kwamba hakuwa amedanganya. Wakati wanazungumza, mgongo ulikuwa ukipanda na kushuka chini ya ile boriti bila kuombwa, na magoti yalikuwa yametulia kifuani kama mali yake mwenyewe. Angeweza kukaa hapo. "Vuta kidogo tu. Ukiwa na wasiwasi, uliza."

Waya ukatikisika. Ukaenda upana wa kiganja, ukasimama.

"Nakuumiza?"

"Huniumizi."

Ukaenda tena.

"Nakuumiza?"

"Huniumizi, mdogo wangu. Vuta."

Kwa mwendo huo kazi ya muda mfupi ikala mchana kutwa. Mwalimu mkuu wa shule aliingia akiwa na funguo mkononi, watoto wamekwisha kwenda kwao, akauliza kama kuna tatizo, mbona fundi amesimama tu ameegemea ukuta. Ngazi alimwashiria kwa mkono anyamaze. Alikuwa ameweka sikio kwenye bomba, anamsikiliza kaka yake akipumua.